M2 ya Marekani na ya Japani: kabla hujabadilisha yeni kuwa dola soma hii kwanza

Swali lililoletwa, nalifupisha: msomaji amepakua takwimu za M2 (kipimo cha ujazi wa fedha, yaani noti pamoja na amana za benki) za Marekani na Japani kuanzia 2012 mpaka 2024, akabadilisha yeni zote kuwa dola ili pande zote ziwe sawa, akachora grafu. Mstari wa Marekani unapanda, wa Japani unashuka. Anauliza, je Japani imekuwa ikipunguza pesa miaka yote hiyo? Na kama ndivyo, mbona kila siku tunasikia benki kuu yao imechapa pesa kupita kiasi? Na njia sahihi ya kulinganisha ujazi wa fedha wa nchi mbili kwa miaka mingi ni ipi?

Ndugu yangu, hapana, Japani haikupunguza pesa. Grafu yako haina kosa la hesabu, ila mstari wa Japani uliouchora umechanganya vitu viwili, pesa za Japani na bei ya yeni sokoni, na hicho cha pili kimekimeza cha kwanza kabisa. Ngoja twende na namba maana hapa maneno matupu hayasaidii.

Katikati ya 2012 M2 ya Japani ilikuwa kama yeni trilioni 820. Katikati ya 2024 ilikuwa imefika kama trilioni 1,250. Yaani imeongezeka zaidi ya nusu. Sasa angalia yeni yenyewe, 2012 dola moja ulikuwa unaipata kwa yeni 80 hivi, katikati ya 2024 ilikuwa inakaribia yeni 160. Yeni imepoteza nusu ya thamani yake mbele ya dola. Kwa hiyo ukigawanya, 2012 unapata dola trilioni 10 na kidogo, 2024 unapata kama trilioni 8, na hapo ndo mstari wako unashuka. Wajapani wenyewe akaunti zao zimejaa zaidi, ila wewe unazitazama kwa dirisha ambalo kioo chake kinabadilika kila siku.

Na kuna kitu kwenye hizo namba kilitakiwa kikushtue mapema. 2012 M2 ya Marekani ilikuwa kama dola trilioni 10. Yaani kwa hesabu ya dola Japani ilikuwa na pesa sawa na Marekani, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ule wa Japani. Ukiona namba kama hiyo simama kwanza ujiulize hiki ninacholinganisha ni kitu kimoja kweli? Hili nitalirudia chini maana ndo penye utamu wenyewe.

Kwanza tumalize suala la kipimo. Watu wengi wanaanza na dola kwa sababu inaonekana ni haki, kila mtu kipimo kimoja. Lakini M2 ya Japani inafanya kazi Japani, inalipa mishahara ya yeni na kodi ya nyumba ya yeni na inanunua vitu vyenye bei ya yeni, mtu wa Osaka hapungukiwi kitu akaunti yake ikisomwa kwa dola New York. Kubadilisha kuwa dola kuna maana pale tu swali lako linahusu dola, mfano unataka kujua wenye akiba Japani wangeweza kununua mali kiasi gani nje ya nchi yao. Kama swali lako ni pesa zimeongezeka kwa kasi gani ndani ya kila nchi, acha kila nchi na sarafu yake.

Cha kufanya ni fahirisi. Chukua mwezi mmoja wa kuanzia, ufanye uwe 100 kwa nchi zote mbili, halafu kila namba inayofuata igawe kwa ile ya mwanzo uzidishe na 100. Ukifanya hivyo kuanzia katikati ya 2012, Japani inafika kama 152 na Marekani, iliyotoka trilioni 10 kwenda kama trilioni 21, inafika 210. Kwa mwaka ni wastani wa kama asilimia 3.6 kwa Japani na 6.4 kwa Marekani. Na ukichora miaka mingi weka skeli ya logi (ambayo kila hatua ya juu ni kuzidisha, siyo kujumlisha), maana kwenye skeli ya kawaida miaka ya karibuni inaonekana kama imelipuka hata kama kasi ni ileile ya zamani, kwenye logi kasi ikiwa sawa mwinuko unakuwa sawa na macho yako hayadanganyiki. Angalizo jingine dogo, mwezi unaouchagua uwe 100 una nguvu kubwa sana kwenye hadithi itakayotoka. Anza 2020 mwezi wa pili, Marekani inaonekana imerukwa na akili, M2 ilitoka kama trilioni 15.4 ikafika karibu trilioni 21.7 masika ya 2022. Anza hapo hapo 2022 na Marekani inaonekana inabana pesa, maana M2 ilishuka mpaka mwishoni mwa 2023, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kwa kipimo cha mwaka kwa mwaka tangu mfululizo huo wa data uanze 1959. Nchi ileile, data zileile. Kwa hiyo jaribu miezi miwili mitatu tofauti ya kuanzia kabla hujaamini unachokiona.

Sasa hapo utasema basi jibu limepatikana, Marekani imeongeza pesa zaidi. Subiri. Tumia kipimo cha pili, toa mfumuko wa bei. Kati ya 2012 na 2024 bei Marekani zilipanda kama asilimia 37, Japani kama 14. Gawa fahirisi zako kwa 1.37 na 1.14, Marekani inashuka kutoka 210 kwenda kama 153 na Japani kutoka 152 kwenda kama 133. Pengo lililokuwa kubwa limepungua sana, maana sehemu kubwa ya pesa zilizoongezeka Marekani zimeenda kulipia bei zilizopanda.

Halafu kipimo cha tatu, na huyu ndo ninayemwamini zaidi mtu akinilazimisha nichague mmoja, gawa M2 kwa pato la taifa. Uzuri wake ni kwamba juu kuna yeni na chini kuna yeni, sarafu zinafutana zenyewe na hauhitaji kiwango cha kubadilisha fedha kabisa. Marekani 2012 M2 ilikuwa kama asilimia 62 ya pato la taifa, 2024 kama 72. Japani ilikuwa kama 165, ikafika kama 205. Umeona kilichotokea? Kwenye fahirisi Marekani ndo imeongeza zaidi, kwenye dola Japani imepungua, na kwenye pato la taifa Japani ndo imeongeza pesa kupita ukuaji wa uchumi wake kwa tofauti kubwa kuliko Marekani. Majibu matatu kutoka faili moja la Excel na yote matatu ni ya kweli, kila moja linajibu swali lake. Kwa hiyo mtu akikuambia nchi fulani imechapa pesa kuliko nyingine muulize umepima kwa kipimo gani, asipojibu usiendelee naye.

Turudi kwenye lile la kushtua. Kwanini Japani iwe na pesa asilimia 205 ya pato lake na Marekani 72 tu? Wengi wanaruka moja kwa moja kwenye "wamechapa". Sababu kubwa ziko sehemu mbili na hakuna hata moja inayohusu mashine ya kuchapa.

Ya kwanza ni tabia ya watu ya kutunza mali. Kaya za Japani zimeweka karibu nusu ya mali yao ya kifedha kwenye noti na amana za benki. Kaya za Marekani zimeweka hapo kama asilimia 12 au 13 tu, nyingine ziko kwenye hisa, mifuko ya uwekezaji, mifuko ya pensheni. Mjapani akistaafu na akiba yake iko benki, inahesabika kwenye ujazi wa fedha. Mmarekani mwenye akiba kubwa kuliko yake akiwa ameiweka kwenye hisa haihesabiki hata senti. Kwa hiyo uwiano mkubwa wa Japani unakuambia watu wake wanapenda benki, kabla haujakuambia chochote kuhusu benki kuu.

Ya pili ni tafsiri, yaani kila nchi inahesabu nini ndani ya M2, na hapa ndipo naona watu wanaumia kila siku. M2 ni jina tu. M2 ya Marekani ina noti na sarafu, akaunti za hundi, akaunti za akiba, amana za muda maalum zilizo chini ya dola 100,000, na mifuko ya soko la fedha ya watu binafsi. Amana kubwa za muda maalum na ile mifuko ya makampuni na taasisi haimo. M2 ya Japani inachukua amana za muda maalum bila kujali ukubwa, za makampuni nazo zimo. Lakini hapohapo inaiacha nje benki ya posta ambayo peke yake imeshika amana za yeni trilioni 190 hivi, pamoja na vyama vya ushirika vya wakulima na taasisi nyingine za namna hiyo. Hao wote ukiwaweka unapata M3 ya Japani ambayo katikati ya 2024 ilikuwa kama trilioni 1,600. Kwa hiyo kwa upande mmoja M2 ya Japani ni pana kuliko ya Marekani, kwa upande mwingine ni nyembamba. Na huwezi kusema basi ngoja nilinganishe M3 kwa M3, maana Marekani waliacha kutoa M3 mwezi wa tatu 2006. Ukanda wa euro nao wana yao, M2 yao inachukua amana za mpaka miaka miwili na M3 ndo wanayoiangalia zaidi. Uingereza wana M4. Majina yanafanana na tarakimu zinafuatana ila vilivyomo ndani kila mtu kajipangia.

Mfano mzuri wa hili ni China, nauweka maana najua swali linalofuata litakuwa hilo. M2 ya China ilivuka yuan trilioni 100 mwaka 2013, ikavuka 200 mwanzoni mwa 2020, na 300 mwezi wa tatu 2024. Ukiigeuza kuwa dola ni zaidi ya trilioni 40, mara mbili ya Marekani, na watu wanaizungusha hiyo namba kwa hofu kubwa. Lakini uchumi wa China unakopa zaidi kupitia mabenki, wakati Marekani makampuni makubwa yanauza hatifungani zao moja kwa moja kwa wawekezaji, na mkopo wa benki unapotolewa ndo amana inazaliwa. Kampuni ya China ikikopa benki M2 inaongezeka, kampuni ya Marekani ikiuza hatifungani kwa mfuko wa pensheni pesa zinahama tu kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Ndo maana mimi binafsi sichukui ukubwa wa M2 ya China kama ushahidi wa uchapaji, nachukua kasi yake mwaka kwa mwaka dhidi ya kasi yake yenyewe ya zamani.

Na hilo linanipeleka kwenye nusu ya pili ya swali lako, ile ya benki kuu ya Japani kuchapa. Uliyoyasikia yanahusu kitu kingine kinaitwa msingi wa fedha, yaani noti zilizo nje pamoja na akiba ambazo mabenki yameweka benki kuu. Aprili 2013 Benki ya Japani ilitangaza kwamba msingi huo utaongezwa kutoka yeni trilioni 138 za mwisho wa 2012 mpaka 270 mwisho wa 2014, karibu mara mbili ndani ya miaka miwili, kwa kununua hatifungani za serikali kwa wingi. Hiyo ndo iliyopigiwa kelele. M2 kipindi hichohicho ilikuwa inakua kwa asilimia 3 au 4 hivi kwa mwaka. Inawezekanaje? Kwa sababu benki kuu ikinunua hatifungani kutoka kwenye benki, benki inapata akiba kule benki kuu, na hizo akiba hazitoki kwenda mtaani mpaka mtu aje akope, na Japani watu na makampuni hawakuwa na hamu kubwa ya kukopa. Marekani ilikuwa vilevile, msingi wa fedha ulitoka chini kidogo ya dola trilioni 1 katikati ya 2008 ukafika kama trilioni 4 mwaka 2014, zaidi ya mara nne, na M2 ikatoka kama 7.7 kwenda 11.5. Wengi walitabiri mfumuko mkubwa wa bei kwa kuangalia msingi peke yake na haukuja. Kwa hiyo usilinganishe kabisa msingi wa nchi moja na M2 ya nyingine, na nimeona watu wanafanya hivyo bila kujua kwa sababu safu ya data imeandikwa tu "pesa".

2020 ilikuwa tofauti kwa sababu serikali zilipeleka pesa moja kwa moja kwenye akaunti za watu, hivyo amana zenyewe zikapanda. Kasi ya M2 ya Marekani ilifika karibu asilimia 27 kwa mwaka mwezi wa pili 2021, mwezi huohuo Japani ilikuwa asilimia 9.6, nayo kwao ni kubwa sana. Mfumuko wa bei Marekani ukafika kilele cha 9.1 mwezi wa sita 2022, Japani 4.3 mwezi wa kwanza 2023. Huo mfuatano unavutia na mimi naamini pesa zilichangia, ila usiuchukue kama sheria, maana sehemu kubwa ya mfumuko wa Japani ililetwa na bei za nishati na chakula kutoka nje ikichanganyika na yeni iliyodhoofika. Pia kasi ya mzunguko wa fedha haikai sehemu moja, Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kila dola ya M2 ilikuwa inazunguka kama mara 2.2 kwa mwaka, katikati ya 2020 ikaanguka mpaka kama 1.1. Nchi mbili zenye ongezeko sawa la pesa zinaweza kuishia na bei tofauti kabisa kama huku pesa zinazunguka na kule zimelala.

Sasa mitego ya kwenye data yenyewe, hii nakuomba uisome taratibu maana ukiikosa kila kitu hapo juu kinakuwa bure. Mkubwa kuliko yote ni M1 ya Marekani (kipimo chembamba kuliko M2, cha noti na akaunti za kutumia kila siku kama za hundi) mwaka 2020. Mwezi wa nne mwaka huo masharti ya kikomo cha kutoa pesa kwenye akaunti za akiba yaliondolewa, kwa hiyo kuanzia Mei 2020 akaunti hizo zikahamishiwa ndani ya M1. Mstari unaruka kutoka chini ya dola trilioni 5 mpaka trilioni 16 kwa mwezi mmoja. Hakuna aliyechapa trilioni 11 mwezi ule, pesa zilikuwepo tayari ndani ya M2, zimehamishwa droo tu. Nimeshaletewa zaidi ya mara moja grafu ya M1 ikiwa na maelezo kwamba huu ndo mwisho wa dola na mtu ameshafanya maamuzi ya akiba zake kwa kutegemea huo mruko, na inaniuma kwa sababu maelezo ya mabadiliko huwa yameandikwa pale pale chini ya data. China nao walibadilisha M1 kuanzia takwimu za Januari 2025, wakaingiza akaunti za watu binafsi zinazotolewa wakati wowote pamoja na pesa za wateja zilizoko kwenye kampuni za malipo. Japani walipanga upya takwimu zao 2008 na mfululizo mpya unarudi nyuma mpaka Aprili 2003, kwa hiyo ukiunga na ule wa zamani kuna mshono hapo. Ukikuta mshono usiunganishe namba, unganisha kasi, yaani kokotoa ukuaji kwa kila kipande peke yake.

Kuna na sarafu zilizofutwa sifuri. Uturuki walifuta sifuri 6 mwaka 2005, Ghana 4 mwaka 2007, Zambia 3 mwaka 2013, Zimbabwe walifuta mara tatu, 3 mwaka 2006, 10 mwaka 2008 na 12 mwaka 2009. Baadhi ya hifadhi za data zimerekebisha miaka ya nyuma na nyingine hazijafanya, angalia mwezi wa mabadiliko kwa macho yako. Na kuna nchi ambazo hazilinganishiki kabisa, Ufaransa na Ujerumani tangu 1999 hazina ujazi wa fedha wa kwao, kuna mchango wa kila nchi kwenye ujazi wa euro na mchango huo hausemi noti ngapi ziko mikononi mwa nani. Ecuador tangu 2000 inatumia dola, noti zilizoko kule zinahesabiwa Marekani. Na kwa kweli karibu nusu ya thamani ya noti zote za dola inakadiriwa iko nje ya Marekani, hizo nazo zimo kwenye M2 unayoigawa kwa pato la taifa la Marekani.

Mambo madogo nayapita haraka. Tumia takwimu zilizorekebishwa kwa misimu (zilizoondolewa kupanda na kushuka kwa kawaida kwa kila msimu wa mwaka) pande zote au zisizorekebishwa pande zote, usichanganye. Angalia kama namba ni ya mwisho wa mwezi au wastani wa mwezi, Japani wanatoa M2 kwa wastani na China kwa mwisho wa mwezi. Kama nchi moja idadi ya watu inakua na nyingine inapungua, kama hizi zako mbili, gawa kwa idadi ya watu pia uone.

Kwa grafu yako mimi ningefanya hivi. Futa safu ya dola. Chora moja ya fahirisi kwa sarafu ya kila nchi, skeli ya logi, 2012 ikiwa 100. Chini yake weka M2 kwa pato la taifa, na hapo usilinganishe urefu wa mistari, linganisha kila mstari na yeye mwenyewe wa 2012, maana 205 ya Japani na 72 ya Marekani ni tafsiri mbili tofauti na tabia mbili tofauti za kutunza akiba. Weka msingi wa fedha kwenye grafu yake peke yake na uuandike jina lake kamili. Halafu kama bado unataka kuona dola, chora kiwango cha yeni kwa dola kando ya ule mstari wako wa kwanza, utaona mabonde na vilima vyake karibu vyote vimetoka huko.

Ukimaliza nitumie faili na safu zake zote za mwanzo kabla hujazigusa, nitaangalia mishono.